Tundu la bolti ya mguu wa kutua wa ndege: keekee peke yake au keekee kisha rima?

Keekee ya saizi kamili inamaliza kazi mara moja, na kwa vibano vya nyaya au vifuniko inatosha kabisa. Lakini ncha yake hutembea kidogo inapoanza kukata, kwa hiyo tundu mara nyingi hutoka kubwa kuliko keekee yenyewe, tena si la duara kamili. Kwenye mguu wa ndege hilo halikubaliki. Kila ndege inapotua, bolti iliyolegea hugonga ukuta wa tundu, na tundu huzidi kurefuka upande mmoja.

Kwa rima, yaani kifaa chenye makali cha kupanua tundu kidogo na kulisawazisha, unatoboa kwanza tundu dogo. Kwa bolti ya inchi 5/16, yaani milimita 7.94, keekee ya milimita 7.7 huacha chuma cha kutosha. Bana pamoja vipande vyote vitakavyoungwa na bolti, kisha pitisha rima polepole, kwa mafuta ya kukatia. Usiizungushe kinyumenyume hata unapoitoa, maana makali yataharibika. Bolti iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kuchezacheza.

Rima ni ghali na inachosha. Kwa miguu ya kutua, mimi nachagua rima bila kusita.