Apache NuttX kwenye bodi ya ESP32: tathmini baada ya mwezi mmoja wa matumizi

Kwa mwezi mmoja sasa nimekuwa nikitumia Apache NuttX, mfumo endeshi wa chanzo huria uliotengenezwa kwa ajili ya bodi ndogo, kwenye ESP32 ambayo kazi yake ni kupima kina cha maji katika tangi la nyumbani na kupeleka kipimo hicho kwenye kompyuta kwa njia ya Wi-Fi. Nilitokea kwenye Arduino, jukwaa la bodi ndogo linalopendwa na wanaoanza, ambako programu nzima huwa ni mzunguko mmoja unaojirudia. Nilipotaka upimaji, mtandao na muda wa kusubiri viende pamoja bila kukwamishana, mzunguko ule ulinielemea, nikaanza kutafuta mfumo endeshi wa kweli utakaotosha ndani ya chipu yenye kumbukumbu ya kilobaiti 520.

NuttX ulitolewa na Gregory Nutt mwaka 2007, ukapokelewa katika malezi ya Apache Software Foundation mwaka 2019, na mwaka 2022 ukawa mradi kamili wa taasisi hiyo. Ndio unaoendesha PX4, programu ya kuongoza urukaji, ndani ya droni nyingi, na ndio uliomo kwenye bodi za Spresense za Sony. Leseni yake inamruhusu mtu kuutumia hata kwenye kifaa anachokiuza.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba mfumo huu unafuata kanuni za POSIX, zile zile zinazofuatwa na Linux na jamii yake. Faili hufunguliwa kwa `open`, husomwa kwa `read`, na kazi zinazokwenda sambamba huanzishwa kwa `pthread_create`, kwa hiyo msimbo wa C niliokuwa nimeuandika na kuujaribu kwenye kompyuta mpakato ulihamia kwenye bodi na marekebisho ya mistari michache tu. Ukiunganisha bodi kwa waya wa USB na kufungua terminali kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, unakutana na alama ya `nsh>`. Hapo unaandika `ls /dev` na kuona vifaa vya bodi vimepangwa kama faili, unaandika `ps` na kuona kila kazi inayoendelea, unaandika `free` na kujua kumbukumbu iliyobaki. Nilifunga taa ndogo ya LED na rizista yake kwenye pini, nikaandika `gpio -o 1 /dev/gpio0`, na taa ikawaka bila mimi kuandika hata mstari mmoja wa C. Kwa mtu anayetafuta kama kosa liko kwenye waya au kwenye programu, uwezo huo wa kuuliza bodi moja kwa moja ni msaada mkubwa mno.

Siku ya kwanza, hata hivyo, si nyepesi. Nashauri kupakua matoleo yaliyofungashwa badala ya kuchukua hazina nzima ya msimbo pamoja na historia yake, kwa kuwa kwa anayenunua bando tofauti ni kubwa. Mafungu ni mawili, `nuttx` na `apps`, na ni lazima yakae ubavu kwa ubavu katika folda moja, la sivyo ujenzi hukwama. Baada ya kuweka kompaila ya chipu, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, amri ya `./tools/configure.sh esp32-devkitc:nsh` huandaa usanidi, `make` hujenga mfumo, na `make flash ESPTOOL_PORT=/dev/ttyUSB0` huuandika kwenye bodi.

Mimi nilikwama hapo hapo kwenye kuandika, kwa sababu waya niliopewa dukani pamoja na bodi ulikuwa wa kuchajia tu, hauna nyaya za data ndani yake, na kompyuta haikuiona bodi kabisa. Jioni nzima iliishia kwenye kufuatilia kosa lisilokuwepo katika programu. Waya ulipobadilishwa, kompyuta ikanikatalia ruhusa hadi nilipojiingiza kwenye kundi la `dialout`, la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia milango ya aina hiyo, na kuingia upya, kisha nikalazimika kushikilia kitufe cha BOOT wakati nukta za kuunganisha zikiendelea kujipanga kwenye skrini. Hayo yote huelezwa, ila katika kurasa tofauti, na mgeni hajui aanzie upi.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwenye `make menuconfig`, yaani orodha ya kuchagua kitakachoingia kwenye mfumo. Nilianza na usanidi mdogo na nikaitafuta programu ya `ping`, ya kujaribu kama kifaa kingine kinafikika mtandaoni, karibu saa nzima bila kuiona, kumbe haionyeshwi mpaka soketi za ICMP, itifaki ambayo `ping` huitumia, ziwashwe kwenye sehemu ya mtandao. Utafutaji kwa alama ya `/` hueleza chaguo gani linategemea lipi, na laiti maelekezo ya kuanzia yangelitaja jambo hilo mapema, saa ile ingeokoka. Anayetaka mtandao aanze na usanidi wa `esp32-devkitc:wifi`, ambao umeshakusanya mengi yanayohitajika.

Kwa anayeifahamu C kiasi na aliyezoea terminali ya Linux, naupendekeza mfumo huu bila kusita. Asiyewahi kuandika programu ningemshauri aanze na Arduino kwanza, kwa kuwa huku makosa ya ujenzi huja kwa lugha inayomtaka mtu awe ameshazoea kompaila.

Jambo moja bado halijaniridhisha. Jina na nywila ya Wi-Fi nilivyoviandika kwa `wapi`, amri ya kupanga Wi-Fi, vilipotea umeme ulipokatika, na tangi likakaa bila kupimwa hadi niliporudi jioni. Nimeviingiza ndani ya usanidi wenyewe, na sasa bodi hujiunga na mtandao kila inapowaka, lakini nikibadilisha nywila nyumbani itanibidi nijenge mfumo upya na kupanda tena juu ya mnara wa tangi nikiwa na kompyuta mkononi.