Katriji ya tabo kwenye Hilux yangu: miezi minane sasa

Nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa mjini, kwa hiyo mlima mkali wa Kitonga siukwepi. Hilux yangu ni ya injini ya 2KD, dizeli ya lita 2.5 yenye tabo (turbo), kile kifaa cha kuishindilia injini hewa. Mwaka jana ikaanza kuishiwa pumzi mlimani: nikikanyaga inanguruma tu, haivuti, na nyuma moshi wa buluu. Hadi malori ya mizigo yakawa yananipigia honi niwapishe!

Fundi akavua hozi ya hewa, akaniambia nishike ncha ya shafti ya tabo. Ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Akanieleza: moshi ukitoka kwenye injini unazungusha feni moja, shafti hiyohiyo inazungusha feni ya upande wa pili, inayovuta hewa na kuishindilia kwenye silinda. Hewa ikijaa, dizeli nyingi zaidi inaungua, nguvu inaongezeka. Shafti huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na inaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika, imekwisha.

Tabo nzima sikuiweza. Nikanunua katriji, yaani kiini cha katikati chenye shafti na feni zake, kwa chini ya nusu ya bei. Ya kwanza ilidumu siku 19. Gereji iliyoifunga ilipaka silikoni kwenye gasketi ya paipu ya oili, iliyozidi ikaingia ndani na kuziba. Shafti ilitoka imegeuka buluu kwa joto. Wao wakasema spea ni feki. Mimi nikachokoa paipu kwa waya, kikatoka kipande cha silikoni kama punje ya mchele. Hela haikurudi.

Ya pili, aina ileile, nikampa fundi mwingine. Paipu mpya, oili mpya, filta mpya, na kabla ya kuwasha akaidondoshea oili kwa bomba la sindano. Sasa napanda Kitonga na magunia tisa bila aibu. Ukikanyaga bado unasubiri kidogo kabla haijavuta, lakini ndivyo tabo zilivyo. Nikifika juu nikisimama, sizimi hapohapo. Naiacha ingurume dakika mbili, maana oili inayobaki kwenye tabo ya moto inaungua na kuwa masizi. Abiria wangu hununa.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu paipu ya oili haiji na katriji, na muuzaji hakuambii.