Gundi ya Epoksi kwa Ufito wa Kuvulia wa Zamani

Ufito wangu wa faibaglasi, ambao marehemu baba aliutumia kuvulia changu kule Kigamboni, ulikuwa umelala darini miaka mingi hadi pete tatu za kupitishia mshipi zikashika kutu na uzi uliozifunga ukafumuka, ndipo nilipoamua kununua gundi ya epoksi ya mirija miwili katika duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo.

Gundi yenyewe ni nzuri. Kosa lilikuwa la muuzaji, aliyenipa ile inayoganda kwa dakika 5 ilhali nilimweleza bayana kwamba nahitaji ya kukauka polepole. Nilipoipaka juu ya uzi wa nailoni nilioufunga upya, ilianza kuvuta kama ulimbo kabla sijamaliza pete ya pili, nikalazimika kuikwangua kwa wembe na kuanza tena.

Ile ya polepole, niliyoifuata kesho yake kwa fedha nyingine, ilinipa nafasi ya kuchanganya mirija yote miwili sawa kwa sawa, kuipaka kwa brashi ndogo na kuuzungusha ufito taratibu juu ya migongo ya viti viwili ili gundi isichuruzike upande mmoja. Baada ya saa 24 nilipata ganda angavu kama kioo, isipokuwa karibu na ncha, ambako unyevu wa masika uliacha ukungu mweupe. Ni heri kusubiri siku kavu. Gundi hiyo nitainunua tena, ila kwenye duka jingine.