Kuzamia Dahab peke yangu kwa pesa ya kujibana: uzoefu wangu

Nilipomwambia shangazi yangu wa Tanga kwamba naenda Misri kuzamia, alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu ananidai. Kwetu kuzamia ni kujificha melini ukatafute maisha Ulaya. Ilibidi nimwoneshe picha ya mtungi wa hewa ndipo akashusha pumzi.

Kuzamia kwangu ni kule kwa kwenda kuona matumbawe. Februari 2025 nilikaa siku tisa Dahab, mji mdogo wa Sinai ulio kwenye Ghuba ya Aqaba, mkono wa Bahari ya Shamu, kaskazini mwa Sharm El Sheikh. Nilikwenda peke yangu, nikiwa na kadi ya Open Water, cheti cha kwanza cha uzamiaji, niliyoipatia Nungwi, Zanzibar, na mbizi kumi na mbili tu kwenye daftari. Naandika kwa ajili ya wenzangu, hasa akina dada, ambao wamejifunza huku kwetu na wanadhani kuzamia nje ya nchi ni kwa matajiri.

Dahab ni rahisi kwa sababu boti haihitajiki. Ukienda Mnemba unalipia boti, mafuta, nahodha na ada ya hifadhi kabla hujalowa. Dahab mwamba unaanzia hatua chache tu kutoka nchi kavu. Unavaa mtungi barazani, unakatiza njia ya waenda kwa miguu, unaingia majini ukitembea. Sehemu za kuzamia za Lighthouse na Eel Garden ziko pale pale mjini. Canyon na Blue Hole mnapelekwa na pikapu, mitungi ikigongana nyuma. Mbizi kumi, pamoja na kiongozi na vifaa vyote, nililipa euro 240.

Maisha ya nchi kavu nayo ni nafuu. Machi 2024 Benki Kuu iliiachia pauni ya Misri ishuke, ikatoka kama 31 kwa dola hadi karibu 50, kwa hiyo aliyebeba dola anakula koshari, mchanganyiko wa wali, tambi na dengu, na kulala bila presha. Chumba changu mtaa wa Assala kilikuwa dola 12 kwa usiku, na feni ambayo sikuihitaji. Lakini angalia hapa: vituo nilivyoulizia vyote vilitaja bei za mbizi kwa euro. Kushuka kwa pauni hakukunipunguzia hata senti moja majini.

Safari yenyewe nitaipita haraka. Visa nilianza kuihangaikia ubalozini mapema, kadi ya njano ya chanjo niliibeba, ndege nilipitia Nairobi hadi Cairo, kisha basi la usiku lililochukua kama saa tisa hadi Dahab. Sinai kuna vituo vya ukaguzi barabarani. Pasipoti ikae mfukoni, usiitupe kwenye begi lililo chini ya basi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kituo cha kwanza nilichofika kilikuwa na bei ya chini kuliko vyote. Kijana wa mapokezi aliangalia kadi yangu mbele, hakuigeuza, akasema kesho asubuhi Canyon, watu sita na kiongozi mmoja. Hakuuliza mara ya mwisho nilizama lini. Nilikuwa nimekaa miezi kumi na moja bila kugusa maji! Nilimwuliza kama tungeanza na mbizi ya majaribio sehemu ya kina kifupi, akanijibu kwamba hiyo ni kupoteza pesa. Nikamshukuru, nikatoka. Ukiwa na rafiki, atakushika mkono na kukuambia "hapa sipaelewi, twende." Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia, na ile tofauti ya euro tano inakuvuta. Nilitembea ufukweni nimekasirika kweli, kwa sababu najua wapo wanaokubali.

Kituo nilichokichagua kilikuwa kidogo, watu wanne kwa jumla. Kiongozi wangu alikuwa Mbedui wa makamo. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kwanza, kabla hatujaenda popote, alinikalisha kwenye benchi na mtungi mgongoni, akaniambia nivute pumzi nne kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, huku nikiangalia geji ya hewa. Nilikuwa nimezoea kuangalia tu kama inaonyesha 200. Akanionyesha: mshale ukicheza kila unapovuta, koki haijafunguliwa vizuri, na huko chini hewa itakubania. Wangu ulitulia tuli. Akanifanya nirudie kwenye mtungi wake pia, nikiwa mwenza wake, ili nami nimkague yeye.

Tulipoingia majini sikuzama. Nilikuwa na kilo sita za uzito wa kuzamishia kiunoni, kiasi kilichonitosha Nungwi, nikawa naelea kama kifuu. Bahari ya Shamu ina chumvi nyingi kuliko Bahari ya Hindi, kama gramu 40 kwa kilo moja ya maji wakati yetu ni kama 35, na suti ya milimita tano niliyovaa nayo inakuinua. Akaniongeza kilo mbili. Hapo nikaelewa kwa nini mbizi ya majaribio si kupoteza pesa. Ningeyagundua hayo kule Canyon, na wengine watano wakiwa wameshashuka.

Baridi sikuitegemea. Nilichagua Februari kwa sababu nauli ilikuwa chini, na maji yalikuwa digrii 22. Mtu wa Dar ukikaa dakika arobaini kwenye digrii 22, meno yanagongana. Mbizi ya pili ya kila siku nilikuwa naifupisha. Nikirudi nitakwenda Mei.

Lugha haikunisumbua. Kiongozi aliponyooshea kidole bahari akasema *bahr*, kisha *samak*, nikacheka. Upepo anauita *hawa*, ndiyo hewa yetu. Na penye mkondo alisema *khatar*, sikuhitaji tafsiri.

Kusafiri peke yako si kuzamia peke yako, na mwenza unayepangiwa humjui. Siku ya tatu nilipewa mgeni mwenye kamera kubwa. Tulipofika Eel Garden, ambako mikunga wembamba husimama kwenye mchanga kama nyasi na kudidimia wote ukiwasogelea, alibaki na picha zake, hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Jioni nilimweleza kiongozi waziwazi, na kesho yake akanibadilishia. Sema. Umelipa, na ni uhai wako.

Blue Hole nilitamani kuliko kote. Njia wanayoipenda wazamiaji inaanzia El Bells, mwanya ndani ya mwamba unaokushusha hadi kama mita 28, kisha mnafuata ukuta hadi kwenye shimo lenyewe. Kadi yangu inaishia mita 18. Nilimbembeleza. Akanipeleka kwanza kwenye jabali la pembeni, ambako familia zimebandika vibao vya majina ya waliofia pale. Wengi, aliniambia, walikuwa wakilitafuta tao la mwamba lililoko mita 55 hivi, chini ya kikomo cha mita 40 cha uzamiaji wa kawaida. Tulisimama pale bila kusema kitu. Kisha akanipa miwani na mapezi, nikaelea juu juu ukingoni. Upande mmoja matumbawe ya rangi ya chungwa karibu na kifua changu, upande wa pili buluu isiyo na mwisho. Sikujutia.

Bima usiiguse kwa kubana matumizi. Bima nyingi za safari haziwalipi wazamiaji, au zinaweka kikomo cha kina, kwa hiyo soma hadi mstari wa mwisho. Mimi nilichukua ya DAN, ambayo ni ya wazamiaji na inagharamia chumba cha mgandamizo, ambamo hutibiwa mzamiaji aliyepanda juu haraka mno. Miwani pia beba yako, uso wako unaujua wewe. Na siku ya mwisho usizame: baada ya mbizi za siku kadhaa unatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi siku hiyo niliimalizia barazani pa kituo, nikinywa chai ya Kibedui yenye sukari nyingi.

Pale ndipo kiongozi alipogonga muhuri kwenye mbizi yangu ya 22. Kwenye mstari wa 23, uliokuwa mtupu, akaandika kwa penseli: El Bells, ukipata Advanced. Hadi leo nimeshaweka kando laki tatu na nusu za kozi hiyo, inayofuata Open Water.