Uzoefu wangu: mbao ya mvule, karakana ya kuranda, na stendi ya noti niliyomtengenezea shemeji hapa Arua, Uganda

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze muda. Mbao ya mvule naipa alama za juu. Karakana ya kuranda kwa mashine naipa alama za kati. Muuza mbao wa kwanza simpi kitu. Gundi nyeupe ya kawaida ya dukani imefanya kazi kuliko nilivyotarajia, na vanishi ina maneno yake, nitayafikia.

Kazi yenyewe ilikuwa stendi ya noti, yaani ya kuwekea kitabu cha muziki mbele ya anayeimba au kupiga, zawadi ya shemeji yangu anayefundisha kwaya katika kanisa moja hapa mjini. Kwaya yao inaimba kwa solfa, do-re-mi zilizoandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku nene ambalo mwalimu analilinda kuliko simu yake. Stendi za chuma za kukunja zinazouzwa madukani zinamfaa mpiga fidla mwenye karatasi tatu. Ukiziwekea kaunta buku, kichwa kinaanza kuinama kidogo kidogo, na ikifika beti ya tatu kitabu kiko miguuni. Shemeji alikuwa na moja ya namna hiyo. Skrubu yake ya plastiki ilishakula meno, akaifunga kwa waya, na waya nao ukawa unamchana mkono kila akifungua ukurasa. Nikaona Krismasi isifike bure.

Mimi si seremala wa kulipwa. Nina msumeno, randa ya mkono, patasi za marehemu baba na jiriwa moja iliyofungwa kwenye meza ya nyuma ya nyumba. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu wa kawaida anayenunua mbao na kulipia mashine.

Kwa mbao, Arua tuko mahali pazuri. Kongo ni hapo tu, na mbao kutoka kule hupita hapa zikielekea Kampala na mbele zaidi, kwa hiyo sokoni unasikia Kiswahili cha Bunia, Kilingala na Kilugbara juu ya rundo moja. Paini ni nyepesi na inarandika bila matata, ila skrubu haishiki sana kwenye mbao laini, na nguzo nyembamba ya paini ina tabia ya kutikisika ukigeuza ukurasa. Mkaratusi ni mgumu na bei yake ni nafuu, lakini ukikauka unapasuka na kujipinda, mimi nauachia mapaa na nguzo za ua. Mahogani ingefaa kabisa. Kilichonipeleka kwenye mvule ni mchwa. Vyombo vya kwaya ile vinalala kwenye stoo yenye sakafu ya udongo, na mchwa wa West Nile, eneo letu hili, hawana adabu. Kiini cha mvule hawakipendi. Ile sehemu nyeupe ya nje, karibu na gome, wanaila bila kusita, kwa hiyo ubao wenye ukanda mweupe ukatae hata ukipunguziwa bei.

Sasa huyu muuzaji wa kwanza. "Papa, hii imekauka kabisa, gonga usikie." Nikagonga, ikalia vizuri. Nikalipa, nikaipeleka karakana kwa bodaboda. Msumeno wa mashine ulipoingia kwenye ubao, unga ulitoka umeshikamana, ukiufinya kiganjani unabaki donge kama matonge ya ugali. Juu palikuwa pakavu kwa sababu ubao ulikaa juani, ndani ulikuwa na maji ya msitu. Niliurudisha na alinibadilishia, lakini kwa kuongeza pesa, eti nimeshaukata. Hapo ndipo alama zake zote zilipokwisha.

Mama mmoja Mkongo, safu ya pili kutoka kwake, alikuwa na utaratibu tofauti. Nilimwomba akate upana wa kiganja kutoka mwisho wa ubao kabla sijalipa. Alikata bila kununa. Ule uso mpya uliokatwa ukiugusisha shavuni, mbao mbichi utaihisi baridi, kavu haina baridi hiyo. Kisha nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja na aina moja: ikiwa moja inakulemea waziwazi, ina maji. Hakuna muuzaji mkweli atakayekukataza kufanya hivyo. Na dai risiti, hasa kama mbao inasafiri kwenda wilaya nyingine, maana ukisimamishwa barabarani na mvule bila karatasi utaeleza mpaka jioni.

Kwa nini naukazania ukavu hivi? Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Kibao cha stendi ni kipana na chembamba, na kimefungwa kwa nyuma na kipande kilichokaa mkingamo. Kibao kikiwa kibichi kitasinyaa, kile kipande cha nyuma kitakataa kusinyaa nacho, na kitu kitapasuka. Hata kwenye mbao kavu, matundu ya skrubu ya nyuma niliyatoboa marefu kidogo kwa upande, ili kibao kipate nafasi ya kupumua mvua zikianza.

Karakana niliyokwenda inatoza kwa ubao, na mvule wanautoza zaidi. Nilibishana, kisha fundi akanionyesha kisu cha mashine chenye pengo. Mvule wakati mwingine huficha jiwe ndani, chokaa inayoganda ndani ya mti, na huioni mpaka kisu kiipate. Nikalipa. Umeme siku hizi ni bora kuliko zamani, West Nile imeunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024, lakini ukikatika katikati ya kazi wanawasha jenereta na bei ya dizeli inakuja kwako. Uliza kabla.

Kazi yao ni ya haraka na unene unatoka sawa, jambo ambalo kwa randa yangu ya mkono lingenila wiki. Kasoro ni mbili. Mashine inang'ata ncha: mwanzo na mwisho wa ubao, kiasi cha kidole kirefu, panakuwa na bonde. Basi peleka ubao ukiwa na urefu wa ziada na ukate ncha zote mbili baadaye. Kasoro ya pili ni nyuzi. Mvule nyuzi zake zinapishana, mstari mmoja unaelekea huku na jirani yake kule, na kisu kilichochoka hakikati, kinanyofoa. Ubao wangu ulirudi na vidonda vidogo vidogo katikati, mahali hasa patakapokaa kitabu. Msasa peke yake hauviondoi. Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, kile chenye ukingo mkali ulionyooka, nikakilaza kidogo na kukivuta kuelekea kwangu. Kinatoa nyuzi nyembamba kama hariri na hakinyofoi. Vaa glavu. Funga na pua pia, kwa sababu vumbi la mvule linawasha. Mimi nilipiga chafya mpaka jirani akaniuliza kama nina homa.

Vipimo vyangu, kwa anayetaka kujaribu. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, kwa hiyo kitabu kikifunguliwa kinataka 42. Kibao nilikipa upana wa 50, kimo cha 36 na unene wa sentimita moja na nusu. Ukingo wa chini una kina cha sentimita 4 ili kaunta buku likae lote, na mbele yake kuna kizuizi chenye kimo cha sentimita moja tu. Ukikipandisha zaidi kinaficha mstari wa mwisho wa solfa, na mstari wa mwisho ni wa besi, nao besi hawahitaji kisingizio kingine cha kukosea.

Nguzo ya nje ni mbao mbili zilizosimama sambamba, ya ndani inapanda na kushuka katikati yake. Wengi wanaishikilia kwa kukaza nati. Mimi nilitoboa matundu kila baada ya sentimita 5 na kupitisha bolti ya milimita 8, kwa sababu mbao iliyobanwa tu itateleza siku moja, na bolti iliyopita tunduni haina pa kuteleza. Ukingo unaanzia sentimita 75 kutoka sakafuni na kufika 115. Ya mwalimu wa kwaya ikae chini, karibu na kitovu, kibao kikiwa kimelala, ili mikono ionekane na waimbaji wamwone uso. Anayepiga ala akiwa amesimama anaipandisha na kuisimamisha zaidi. Stendi nyingi za dukani zimefikiriwa kwa huyu wa pili tu.

Pale kibao kinapoinamia nguzo kuna bolti yenye nati ya masikio. Kati ya mbao na mbao niliweka duara la ngozi nililopewa na fundi viatu kutoka kwenye mabaki yake. Ngozi inashika, haisagiki upesi, na nati unaikaza kwa vidole viwili bila koleo. Katika stendi nzima, hicho kipande cha bure ndicho ninachojivunia.

Miguu ni mitatu, kwa kuwa mitatu hata sakafu ikiwa na mabonde haichezi. Inaingia kwa ndimi, ncha zilizochongwa zikaingia tunduni, kwenye kitako cha pembe sita, kwenye nyuso tatu zinazorukana, na kila mmoja una sentimita 32. Mmoja unaelekea waimbaji, miwili inakuja upande wa mwalimu, naye anasimama katikati yake. Ukiigeuza, mguu mmoja utamkaa kwenye vidole vya miguu kila akisogea mbele kuwakaripia soprano.

Gundi: ile nyeupe ya seremala, ya kopo. Sina klampu za kutosha, basi nilikata mipira ya ndani ya baiskeli iwe kamba ndefu, nikaizungusha kwenye viungo na kuivuta kwa nguvu zote. Inabana vizuri ajabu. Kabla ya kuiamini nilibandika vipande viwili vya mabaki, nikaviacha vilale usiku kucha, asubuhi nikavipiga nyundo. Ilipasuka mbao, mstari wa gundi ukabaki. Sina la kuongeza.

Vanishi sasa. Duka lilikuwa na ya kung'aa tu, na muuzaji akaapa kwamba hakuna mtu duniani anayetaka isiyong'aa. Kwa meza ya sebuleni, sawa. Kwa stendi, mng'ao unarudisha taa za tyubu machoni, na kitabu kinateleza kwenye kibao kama kimepakwa mafuta. Nilipaka tabaka tatu nyembamba, ya mwisho ilipokauka kabisa nikaisugua kwa msasa namba 400 uliolowekwa maji mpaka mng'ao ukafa. Inapendeza kuliko ilivyokuwa. Ujue pia kwamba mvule uliorandwa leo una rangi ya manjano, na mwanga unaugeuza kahawia taratibu. Usiache kitu juu ya kibao dirishani wiki za mwanzo, utabaki na umbo lake.

Shemeji alipoletewa aliizunguka, akaipandisha, akaishusha, akaegemea kiwiko. "Shemeji, hii umeniletea mimbari." Ndiyo, ni nzito, inavuka kilo tano, na hiyo ndiyo lawama pekee niliyosikia kutoka kwake. Nguzo ya ndani inachomoka na kibao chake ukitoa bolti moja, kwa hiyo vijana wawili wanaibeba bila tabu, ila juu ya bodaboda ni kero. Kwaya inayozunguka kwenye mashindano kila mwezi naishauri inunue ya chuma, lakini ile yenye kibao kizima cha bati, si ya vijiti. Wapiga adungu, kile kinubi cha huku kwetu, wa kanisa lile hawakuihitaji kabisa, wao wanapiga kwa sikio kama walivyofundishwa na wazee wao, ingawa nimeshamkuta mmoja ameegesha simu yake kwenye ukingo na kutazama mpira mazoezi yakiendelea.

Gharama yote, pamoja na ile nyongeza ya muuzaji wa kwanza ambayo bado inaniuma, ilikaribia bei ya stendi mbili za kukunja. Shemeji wa pili ameshaanza kunisifia bila sababu, najua anachotafuta. Mbao nitanunua kwa yule mama. Karakana nitarudi ile ile, lakini asubuhi, wakiwa wametoka kunoa visu.