TAHADHARI kwa wenye miziki ya magari Mtwara na Lindi: huyu muuza betri ni tapeli

Wenye miziki kwenye magari, kuanzia hapa mjini, Mikindani, Nanyamba, Masasi mpaka Lindi, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anauza betri za pili za kuendeshea amplifaya. Ni tapeli, tena tapeli aliyesoma. Jina silitaji kwa sababu shauri nimeshalifikisha panapohusika na nimeambiwa nisiandike majina, ila mliopo mjini mtamjua tu. Nilinyamaza tangu yale ya Nanguruwe, mziki wangu ulipokufa katikati ya shughuli. Video mmeiona, mmecheka, wengine mkanipa na jina kabisa, sina neno. Lakini nasikia kahama pale alipokuwa, sasa yuko pande za stendi ya Mkanaledi, na kuna dogo wa bajaji kashauziwa. Nikiendelea kuona aibu nitakuwa namsaidia biashara.

Kila mtu ananiuliza, "Wewe mtu mzima, fundi wa matangazo, ulikubalije?" Haya, sikilizeni nilivyokubali, halafu mniambie nyie mngefanyaje.

Kirikuu yangu mnaijua na mzigo wa spika ulio juu yake. Tangazo la barabarani halina shida, injini inawaka na alteneta inarudisha. Tabu iko kwenye shughuli. Unapaki uwanjani, unazima injini maana wazee hawataki mngurumo na moshi, unapiga mziki, baadaye ukitaka kuondoka stata inalia "tik" basi. Unaanza kutafuta vijana wa kusukuma. Msimu wa unyago ulikuwa unaingia, oda zipo, nikaamua niweke betri ya pili ya mziki peke yake.

Nimefika dukani, jamaa ana mita mkononi. Hakuniambia "chukua hii kali hii" kama wauzaji wetu wengine. Aliniuliza: "Njomba, amplifaya yako inakula ampea ngapi?" Nikasema sijui, najua ni ya wati 1000. Akachukua kalamu akaandika juu ya boksi: 1000 gawa kwa 12, inakuja 83. Akasema ongeza unaopotea kuwa joto, hesabu kama ampea 100 mziki ukikolea. Nimekuja kumuuliza fundi baadaye, hesabu ile ni ya kweli tupu. Mtu anakupigia hesabu ya kweli mbele ya macho yako, utamshukuje?

Akaendelea. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa ajili ya stata, inatoa moto mkubwa kwa sekunde chache halafu alteneta inairudishia. Ukiwa unailaza mpaka chini kila wiki inakufa mapema. Ya mziki inatakiwa ile inayovumilia kushuka na kupanda, tena iliyofungwa, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka, na humo ndani umelala wewe na tanboi wako. Hayo nayo kweli. Nilikuwa natikisa kichwa kama mwanafunzi wa madrasa.

Ndipo akaitoa. Imefungwa plastiki ngumu ya kung'aa, stika inasema 12V 100Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaotunzwa na betri), kaipakata kwa mikono miwili huku anahema ili nione uzito. Kumbe anahema bure, hilo mtalielewa mbele. Akaweka juu ya meza, akanipa MIMI nyaya za mita. Nikagusa mwenyewe: voti 12.8. "Betri iliyojaa ikitulia inasoma 12.6 mpaka 12.8, njomba, usisikie maneno yangu, isikilize mita." Akafunga amplifaya yake ya dukani na spika mbili za honi, akapiga singeli mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka kutukana. Mita ikawa inacheza 12.4. "Feki hapa ingeshaanguka mpaka tisa." Nikaangalia namba, nikaangalia betri, nikaona nimepata mtu.

Halafu adhana ya adhuhuri ikalia. Akazima mziki hapo hapo, akashusha shata, akaniambia twende tukaswali. Tumeswali safu moja. Tulipotoka hakunigusia betri kabisa! Kasema, "Kafikirie, hela ni yako, hata kesho nipo." Ni mimi niliyesema turudi dukani. Mimi! Yeye alikuwa anataka kwenda kula.

Basi laki nne na nusu betri, laki moja na themanini nyaya na fyuzi na isoleta, kile kiboksi cha kutenganisha betri mbili. Akaitazama betri yangu ya gari, N70, iliyokuwa mbele, akatikisa kichwa kwa huruma, eti hiyo imeanza kuchoka, ikikaa na mpya itakuwa inaivuta. Niiache anipunguzie elfu themanini, na mbele atanifungia kadogo ka kuwashia gari tu maana mziki sasa una betri yake. N70 hiyo niliinunua kwa hela ya korosho, haina hata mwaka. Nikaiacha. Wakati anafunga akasisitiza jambo moja mara mbili: nisichane ile plastiki, kwa sababu waranti ya miezi 12 imebandikwa juu yake, ikichanika imekufa. Nikaona huyu mtu anajali, ananikumbusha waranti yangu.

Na akaahidi mziki wa masaa nane injini ikiwa imezimwa.

Nanguruwe mnajua. Kwa ambaye hakuwepo, mziki ulikufa kabla mwali hajatolewa nje, shughuli ya shangazi yangu wa damu, kinamama wakamalizia kwa ngoma na vigelegele. Na gari halikuwaka. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu kazi yote ya isoleta ni hiyo, kuhakikisha mziki ukinyonya betri ya nyuma, ya mbele inabaki nzima. Ndani kulikuwa kunanuka plastiki iliyoungua.

Kesho yake nikaenda kwa fundi rewaya wangu wa Magomeni. Kachana plastiki bila kuniuliza. Chini ya stika kuna mabaki ya stika nyingine. Juu ya mfuniko, pale panapogongwa tarehe ya kiwandani, pamesuguliwa msasa. Vichwa vya betri vimepakwa grisi nyingi, ukifuta unakuta mikwaruzo ya nati za zamani. Tukaipeleka kwa jamaa mwenye mizani ya korosho: kilo 19. Betri ya aina ile ya 100Ah ya kweli inakimbilia kilo 30. Fundi anasema hiyo ni ya kama 65, imetolewa kwenye sola au sehemu nyingine ikiwa imeshachoka, ikapewa cheo. Akaichaji usiku kucha, akaifunga taa mbili za mbele za gari, wati 55 kila moja. Hizo mbili hazifiki hata ampea kumi. Betri nzima ya 65 ingewasha taa hizo kwa masaa. Hii yangu, chai ya fundi haijaisha, taa zimeshakuwa nyekundu.

Na ile 12.8 ya dukani? Ilikuwa imetoka kwenye chaja muda uleule. Betri hata iwe imechoka, ukiitoa kwenye chaja inasoma vizuri kwa muda, voti bila mzigo haikuambii ndani kumebaki nini. Amplifaya yake ya maonyesho nayo ni ndogo. Spika za honi zinapiga kelele kubwa kwa wati chache sana, ndiyo maana hakunifungia sabufa. Mimi nilisikiliza kelele, na ampea hazisikiki.

Waya ulioitwa shaba, ukikwangua kwa wembe ndani mweupe. Ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, na kwa unene uleule aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Tena unene wenyewe ni wa mpira, ndani kuna uzi. Hapo ndipo ile harufu ilipotoka. Fyuzi aliweka moja tu, kule kwenye amplifaya, wakati inatakiwa ikae karibu na betri, isizidi futi moja na nusu, na ukiwa na betri mbili kila upande uwe na yake. Waya ungegusa bodi katikati ya safari kirikuu yote ingeteketea, na hilo mtu anayejua kupiga hesabu ya ampea analijua vizuri!

Sasa isoleta. Ya kweli inaunganisha betri mbili injini ikiwaka na voti zikipanda kama 13.3, injini ikizimwa na voti zikishuka karibu na 12.8 inakata. Fundi akafungua kiboksi changu. Ndani kuna nati mbili zimeunganishwa na kipande cha waya, na kataa ka kijani. Basi. Elfu hamsini ya kataa ka kijani.

Nimemrudia na betri kwenye bajaji. Mnajua alisemaje? Hakukana, hakupandisha sauti. Aliitazama akasema, "Plastiki imechanwa, njomba." Halafu akaendelea kumhudumia mteja mwingine.

Sisemi apigwe, sijafika huko. Ila nataka aibebe ile betri kichwani kutoka Mkanaledi mpaka Mikindani kwa miguu, saa saba mchana, halafu kila kijana wa sabufa atakayempita ampigie honi. TRA waende wakamuulize risiti zake. Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia ije imwage hizo stika zote barabarani. Alipe hela yangu, alipe waya, amlipe shangazi shughuli yake, na ile mita anyang'anywe asiishike tena maisha yake yote. Na aliyemkodishia fremu mpya aulizwe anajua anampangisha nani. Halafu mnaoniambia nimsamehe kwa kuwa tumeswali safu moja, hiyo ndiyo inanitia hasira zaidi! Angeniibia bila kunipeleka msikitini ningelala.

Dalili zilikuwepo, haya nawapa za haraka. Risiti ya EFD alisema mtandao wa mashine umekata, akaniandikia kwenye kikaratasi. Msikubali, kwanza sheria inambana hata mnunuzi asiyedai risiti, nimekuja kuambiwa baadaye na nikanywea. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma pesa ni la mtu mwingine kabisa. Betri ipimeni kwa kilo, na plastiki ichanwe mbele yenu, akikataa ondokeni. Waya kwangueni hapo hapo dukani. Hayo masaa nane nayo yalikuwa uongo hata kama betri ingekuwa mpya: 100Ah mara 12 ni kama wati 1200 za saa moja, na betri ya namna hiyo ukitaka idumu unatumia nusu tu, yaani 600. Mziki wa shughuli ukila wastani wa wati 300, ni masaa mawili. Anayetaka zaidi aongeze betri au awashe injini. Mimi hesabu hiyo nimeifanyia nyumbani kwa hasira, yeye aliijua tangu mwanzo akaacha kuiandika kwenye boksi.

Kadi ya waranti ninayo, ina muhuri usiosomeka. Mwingine aliyeuziwa naye anitafute twende pamoja, tukiwa wengi hatutaambiwa tuliharibu wenyewe.

Na N70 yangu bado anayo au kashaiuza. Kwenye kichwa cha hasi nilipaka rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu ili isibadilishwe gereji, na mfuniko una ufa mdogo kona ya kulia. Ukiletewa kwa bei ya kutupa, usinunue, nipigie mimi kwanza.