Avoka wa kesi ya kodi, Lubumbashi: uzoefu wangu wa miezi kumi na sita

Ninauza vitenge katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na haya ninamwandikia mfanyabiashara mdogo aliyeletewa karatasi ya kodi asiyoikubali, anayejiuliza kama inafaa kumlipa avoka, yaani wakili. Kwangu ilifaa, ingawa kuna masharti ambayo ningepaswa kuyaweka tangu siku ya kwanza. Jina la avoka ninalihifadhi.

Kesi yenyewe ilizaliwa na likelemba, yaani mchezo wa kuchangishana fedha na kuzipokea kwa zamu. Kwa mwaka mzima nilikuwa mtunza fedha wa wenzangu kumi na wawili, kila mmoja akileta franka 180,000 kwa mwezi, na kwa kuwa kulala na fedha za watu nyumbani ni kuwaita wezi, nilizipitisha katika akaunti yangu ya biashara. Mkaguzi wa kodi alipopata taarifa za benki, alijumlisha kila kilichoingia na kukiita mauzo. Mauzo niliyoyatangaza yalikuwa franka milioni 61. Likelemba iliongeza 25,920,000, na jumla ikakaribia milioni 87. Anayezijua kodi zetu ataona mara moja shida iko wapi. Muuza bidhaa ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki milioni 80 alihesabiwa kuwa na biashara ndogo na kulipa asilimia 1. Aliyefika hapo aliingia katika TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kwa hiyo mimi niliyekwisha kulipa franka 610,000 nikadaiwa karibu milioni 14, faini ikiwa bado haijahesabiwa.

Jambo la kwanza alilolifanya vizuri avoka lilikuwa kunizuia. Nilitaka twende mahakamani juma lile lile, naye akaniambia, «Mama, tukienda sasa jaji ataturudisha bila kufungua faili.» Kwa sheria ya taratibu za kodi ya tarehe 13 Machi 2003, anayepinga kodi aliyotozwa huanza kwa kuwasilisha malalamiko yake kwa maandishi kwa utawala wa kodi wenyewe, na ni baada ya hapo tu ndipo anapoweza kwenda kwa majaji. Barua aliiandika yeye, lakini aliniagiza niipeleke mwenyewe na nisiondoke dirishani bila nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Niliona anapoteza muda kwa kitu kidogo. Baadaye upande wa pili ulipodai kwamba tulichelewa, alichukua nakala ile, akaiweka mbele ya majaji, na suala hilo halikurudi tena.

Kazi kubwa hata hivyo haikufanyika mahakamani. Ilifanyika juu ya meza yangu ya kulia chakula. Daftari langu la likelemba lilikuwa daftari la shule lenye doa la mafuta ya mawese kwenye jalada, na ndani yake wenzangu wote waliandikwa kwa majina ya watoto wao: Mama Furaha, Mama Kabibi, Mama Mapacha. Avoka alilipekua, akatikisa kichwa. Alitaka kila mwanamke aandike kwa mkono wake kwamba fedha zile zilikuwa zake, aweke sahihi na jina lake kamili, aambatanishe na nakala ya kadi ya mpiga kura. Kisha kwa siku mbili tulikaa na rula na kalamu nyekundu, tukilinganisha kila mstari wa daftari na mstari wake katika taarifa ya benki. Wenzangu kumi walikubali kuandika. Wawili walikataa, kwa hofu kwamba mkaguzi angehamia kwao, na siwezi kuwalaumu.

Mahakamani kila kitu kilisemwa kwa Kifaransa, ambacho mimi ninakifuata kwa kuvizia. Avoka alikuwa na desturi ya kunieleza kwa Kiswahili, nje kwenye ngazi, kilichosemwa na kilichoahirishwa, na kwa hilo ninamsifu bila kusita. Lakini siku moja hakuja. Alimtuma kijana aliye katika mafunzo ya uwakili, ambaye hakujua hata likelemba ile ilikuwa na watu wangapi, na kesi ikasogezwa mbele tena kwa kosa letu wenyewe. Mkataba wetu haukusema ni nani atakayesimama, wako useme.

Uamuzi ulifuata karatasi. Fedha za wale kumi ziliondolewa katika mauzo yangu. Za wale wawili, franka 4,320,000, zilibaki kwa kukosa ushahidi. Jumla ikawa 65,320,000, chini ya kizingiti, na TVA yote ikaanguka. Nililipa franka 43,200 za nyongeza pamoja na faini yake.

Avoka mwenyewe alinigharimu dola 1,200 kwa awamu tatu, mbali na fedha ndogo ndogo alizoziita gharama za masijala, ambazo sikuwahi kuonyeshwa mchanganuo wake. Kwa kulinganisha na milioni 14, bei hiyo siipingi. Ninachokipinga ni kwamba mtu aliyenisumbua miezi kumi na sita kuhusu mihuri na nakala bado hajanipa risiti ya awamu ya tatu. Nimemwandikia mara mbili, na barua ya pili nimeipeleka mwenyewe ofisini kwake, nikarudi na nakala yenye muhuri wa mapokezi.